Namna ya Kuwa Mtaalamu wa Ramani kwa Jasho la Wenzako

Sogea karibu, nikupe siri za kazi. Unataka kuwa mshauri mwelekezi wa data za ramani: upewe hadidu za rejea, ulipwe, na kikao kinyamaze ukianza kusema. Mtaji huna, ofisi huna, una kompyuta ya mkononi yenye betri iliyochoka. Inatosha. Njia zote za mkato nilizoziweka hapa ni halali na zinafika. Zifuate kwa mpangilio.

1. Usinunue programu

Chukua QGIS. Mwaka 2002 Gary Sherman, mkazi wa Alaska, alitaka chombo cha kutazamia data za ramani kwenye kompyuta yake ya Linux, akaanza kukiandika mwenyewe. Wengine wakajiunga, na kazi yao yote sasa ni yako. Leseni inakuruhusu kuitumia, kuinakili, hata kuifumua na kuibadilisha, bila kumlipa mtu. Pesa ambayo ungelipia leseni iweke kwenye kuongeza RAM na kwenye nauli ya kwenda uwandani. Akitokea wa kukucheka kwamba unatumia cha bure, mwache acheke. Mteja hanunui programu, ananunua jibu.

2. Usichore kilichokwisha kuchorwa

Kabla hujagusa kipanya, fungua OpenStreetMap. Mradi huo ulianza Uingereza mwaka 2004, na huku kwetu watu wameutolea jasho kweli. Vijana wa Kibera walizunguka na GPS mwaka 2009 hadi makazi yao yakaonekana kwenye ramani. Tandale ikafuata mwaka 2011. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaanza Dar es Salaam: wanafunzi wa vyuo vikuu, wakishirikiana na wakazi, walichora barabara, nyumba na mitaro ili mafuriko yapate kupangiwa.

Pakua vyote. Kazi ya miezi unaipata kwa dakika chache. Sharti ni dogo: andika kwenye kona ya ramani kwamba data zimetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap. Najua mkono utakuwasha kuufuta mstari huo ili sifa zote zibaki kwako. Uache. Ndiyo bei uliyoombwa, na mkaguzi makini akiuona atakuamini zaidi, kwa sababu anajua data zako zimetoka wapi.

3. Kariri namba nne, uheshimiwe kama mganga

Hii ndiyo njia ya mkato yenye faida kuliko zote. Kariri 4326, namba ya mfumo wa koodineti wenye latitudo na longitudo za GPS. Kariri 32736 na 32737, kanda za 36 na 37 za mfumo wa UTM, kusini mwa ikweta. Ya nne ni 21037: kanda ya 37 kwa mfumo wa Arc 1960, uliotumika kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki.

Sasa kaa kwenye kikundi cha watumiaji wa QGIS usubiri wagonjwa. Watakuja.

Akija anayelia kwamba visima vyake vya Dar es Salaam vimeangukia magharibi mwa Hispania, mwambie: latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Nukta zikirundikana baharini kusini mwa Ghana, mwambie: koodineti zako ni sifuri, kuna seli ziliachwa wazi. Dodoma ikielea kwenye Bahari ya Hindi, uliza kama ametumia 32737. Mji ule uko magharibi kidogo tu ya nyuzi 36, kwa hiyo ni wa kanda ya 36, ilhali Morogoro na Dar es Salaam ni za kanda ya 37. Na kila kitu kikiwa kimesogea karibu mita 300, uliza umri wa ramani iliyotumika. Mara nyingi hapo ni Arc 1960 iliyosomwa kana kwamba ni mfumo wa GPS.

Utajibu kwa sentensi moja, nao watakushangaa. Furahia mshangao huo, umeufanyia kazi. Ila usilichukulie kosa hilo kama mchezo. Mita 300 mjini ni mtaa mwingine kabisa. Zahanati inayoonekana ng'ambo ya mto usio na daraja inaweza kufanya kijiji kizima kihesabiwe kuwa kina huduma wakati hakina.

4. Kataa faili nusu

Mteja atakutumia faili moja kwa WhatsApp, inayoishia na .shp, kisha aulize ramani itakuwa tayari saa ngapi. Usianze. Shepufaili ni kundi la faili: .shp ina maumbo, .dbf ina jedwali, .shx ni faharasa ya maumbo hayo, .prj inataja mfumo wa koodineti. Omba zote kwenye zipu moja. Umeokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kisha hamia GeoPackage. Shepufaili hukata majina ya safu kwenye herufi ya kumi. Safu ya idadi_ya_watu na safu ya idadi_ya_wanafunzi zote zinabaki idadi_ya_w, na programu inalazimika kuibatiza mojawapo jina jipya. Ndipo wazee wa kata wanapopangiwa madawati. GeoPackage ni faili moja, majina yanabaki mazima, na hakuna kipande cha kusahaulika njiani.

5. Omba msaada kwa namna inayomnyanyua msaidizi

Hutajua kila kitu, na huna haja. Kwenye kikundi kuna mtu anayejua, naye anatamani aulizwe. Mrahisishie. Taja toleo la programu, taja mfumo wa koodineti, weka picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, eleza ulichokwisha kujaribu. Ongeza kipande kidogo cha data ili aone tatizo kwa macho yake. Kipande hicho kisiwe na majina ya watu wala namba zao za simu, kwani waliohojiwa hawakukubali kusambazwa.

Swali lililoandaliwa hivyo hujibiwa upesi, kwa sababu linampa mtaalamu nafasi ya kung'aa. Kinyume chake, "jamani QGIS inanisumbua, msaada" linaweza kukaa hadi jioni bila hata salamu. Ukijibiwa, rudi useme dawa ilifanya kazi, na umtaje aliyekusaidia kwa jina. Kesho atakujibu tena.

6. Gawa majibu bure, kisha utume ankara

Wengi huficha ujuzi wakidhani ndio mtaji. Wewe ugawe hadharani. Ukijua namna ya kusafisha mipaka ya kata inayopandana, andika hatua zake kwa Kiswahili chepesi, weka picha, tuma kwenye kikundi. Mia watasoma na kujifanyia wenyewe. Mmoja atasoma, aone kazi ni ndefu, akupigie simu. Huyo mmoja ndiye kodi yako ya nyumba. Umejitangaza bila kulipia bango, na wale mia sasa wanatengeneza data safi ambazo wewe mwenyewe utazitumia mwakani.

7. Mpe mteja alichokuja kukitafuta

Mteja akifunuliwa ramani hutafuta kwanza ofisi yake, kisha nyumbani kwake. Ziweke zote mbili, mahali sahihi, kwa majina sahihi. Akishajiona ataamini mengine, kwa hiyo hakikisha mengine yanastahili kuaminiwa.

Usipake kata rangi kwa idadi tupu ya wagonjwa, maana kata yenye watu wengi itaonekana mbaya daima. Gawanya kwa idadi ya watu. Tumia rangi tano, si kumi na mbili. Rangi za mtaalamu wa ramani Cynthia Brewer zimo tayari ndani ya QGIS, nazo zilichaguliwa ili jicho litofautishe. Ufunguo wa ramani uandike kwa Kiswahili. Kisha chapisha nakala kwenye karatasi ya A3, maana umeme una tabia ya kukatika siku ya uwasilishaji.

8. Kosea mapema, tena mbele ya watu

Makosa utayafanya. Fanya yaonekane kabla mkandarasi hajachimba. Chukua rasimu, nenda uwandani, mpe mjumbe wa shina kalamu nyekundu. Atakuonyesha kalavati lililoziba, njia iliyofungwa kwa ukuta, na nyumba ambazo maji huingia kila masika. Kwenye picha ya setilaiti hayo yote huyaoni. Yarekebishe, mpe sifa zake kikaoni, na marekebisho yale yasiyo siri ya mtu yarudishe OpenStreetMap, ulikochukulia.

Pembeni mwa ramani andika data ni za mwaka gani. Mipaka ya kata iliyotumika kwenye sensa ya 2012 si lazima ilingane na ile ya 2022, na anayeoanisha takwimu hizo bila kuuliza anagawa maji kwa kata ambazo zilishagawanywa. Ukiulizwa usilolijua, sema: "Sijui, nipe hadi kesho." Halafu rudi hatua ya tano.

9. Mfundishe mteja kazi yako

Umeshalipwa sehemu ya kwanza, ofisa mmoja wa pale anakuchungulia begani. Mvutie kiti. Mfundishe kufungua leya, kubadili rangi, kuongeza kisima kipya. Roho itakuuma ukihisi unauza shamba. Mfundishe hivyo hivyo. Asiyejua kitu hawezi hata kukuandikia hadidu za rejea zinazoeleweka, bali aliyekwisha kuonja ramani ataanza kuuliza maji yatafika wapi mto ukifurika, na ni mtaa gani uhamishwe kwanza. Swali la namna hiyo lina uzito, lina bajeti, na wa kwanza kupigiwa simu ni mwalimu wake. Acha simu yako iwe na chaji.