Namna ya Kuwa Mfamasia Ukiwa Bado Voi

Kwanza, mwombe shangazi apunguze kukuita daktari. Matokeo ya mtihani wa KCSE hayajatoka, na nusu ya ukoo imeshakuomba dawa ya magoti. Waitikie kwa adabu, kisha rudi kwenye kemia.

Marekani, mwanafunzi husoma kwanza masomo ya maandalizi chuoni, kwa kawaida miaka miwili au zaidi, ndipo aombe nafasi ya famasia. Kwetu Kenya ngazi hiyo haipo. Ukimaliza kidato cha nne, KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, wanatazama kemia, biolojia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili, na alama za kundi hilo la masomo, ambazo ukomo wake ni 48. Ukifaulu, unaingia moja kwa moja kwenye shahada ya miaka mitano. Basi chuo chako cha maandalizi ni maabara ya shule, hata kama bomba lake linakohoa hewa huku maji ya chemchemi za Mzima yakipita kwenda Mombasa.

Humo usiwe na haraka. Unapotia besi kwenye asidi, fungua koki ya bureti kidogo, tone kwa tone, mkono wa pili ukizungusha chupa. Rangi ya waridi ya kiashiria ikikolea, umepitiliza. Inayotakiwa ni ile hafifu, ya kuonekana kwa shida juu ya karatasi nyeupe. Asiyeweza kulingoja tone hilo, mimi simtaki ampimie mtoto wangu dawa.

Jioni moja omba ruhusa ukae kwenye kemisti mjini, usikilize. "Nipe amoksilini nne, zilizobaki nitazifuata kesho." Kesho hiyo haiji, na bakteria walionusurika wanaweza kuwa sugu kwa dawa. Miaka mitano yote ni ya kukuwezesha kumweleza mteja huyo, bila kumdharau, kwa nini nne hazitoshi.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake 2016, kinasifika kwa madini. Ya vidonge yafuate Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta au JKUAT. Alama zikipungua, usiweke matanga: chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kina stashahada ya teknolojia ya famasia, miaka mitatu, na wenye stashahada hiyo ndio mara nyingi utakaowakuta kwenye kemisti.

Mzazi naye aambiwe mapema kwamba baada ya shahada kuna mwaka wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mwaka 2024 chama cha madaktari na wafamasia kiligoma siku 56. Malipo ya wanagenzi yalikuwa kiini cha mzozo: mkataba ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikang'ang'ania 70,000, hadi ilipokubali Desemba.

Nanyi walimu wa kemia wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, tafadhali: msiwafanyie wanafunzi jaribio wakabaki kutazama. Wapeni bureti waishike wenyewe, tangu mwanzo.