Naomba Tusajiliwe Wageni

Kwa Ofisi Inayohusika,

Mheshimiwa, salamu kutoka Amu. Sikutaji kwa jina kwa sababu kila dirisha nililolifikia na mpwa wangu tumeambiwa twende “ofisi inayohusika”, na mpaka leo hatujaonyeshwa mlango wake. Popote ulipo, ombi langu ni fupi: ukoo wetu usajiliwe rasmi kuwa wageni nchini Kenya.

Usije ukadhani nimeudhika. Nimepiga hesabu tu. Tangu utaratibu mpya wa Januari 2024, mgeni wa kutoka Milano hujaza fomu yake akiwa kitandani kwao, akalipa dola 30, na baada ya siku 3 hivi za kazi amejibiwa. Hutua uwanja wa Manda, akavushwa kwa boti hadi Shela, wala hakuna amuulizaye babu yake kazikwa wapi.

Mpwa wangu aliulizwa. Kijana ni Mbajuni wa Kizingitini, ametimiza miaka 18, ataka kitambulisho. Alikuja na cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi na wazee wawili wa kumshuhudia. Akapigwa msasa. Shule gani, mwalimu mkuu nani, na mbona jina lako kama la watu wa Kismayu? (Ni la babu yake, mheshimiwa. Wabajuni walikuwa wakiipita pwani hiyo na vyombo vyao kabla mpaka haujachorwa, na vita vya shifta vilipowatoa vijijini miaka ya 1960, hakuna aliyekimbia na faili.) Kaburi la babu akalitaja. Akaambiwa alete kitambulisho cha marehemu.

Kisha “njoo kesho”. Kwa mtu wa Kizingitini, kesho ina nauli yake. Boti hufuata maji, si saa za ofisi. Yakikupwa pale Mkanda, chombo kikubwa hungoja. Anayekosa boti hulala kwa jamaa Langoni, na jamaa naye ana watoto wa kulisha. Kesho yake afisa ametoka kidogo. Keshokutwa mtandao hakuna. Siku mtandao uliporudi, mashine ikakataa vidole vya kijana: alama zimesagwa na mshipi na chumvi. Akashauriwa apumzike kuvua mpaka zimee tena. Atakula nini hadi hapo, hilo nadhani lina ofisi yake nyingine.

Najua utanikumbusha kwamba Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kule Wajir kuwa msasa huu wa ziada umefutwa. Twashukuru, tulimsikia redioni. Tulipolitaja tangazo hilo dirishani, tukajibiwa kuwa waraka haujafika. Labda nao wangoja maji yajae.

Mawe yetu yana bahati. Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika urithi wa dunia, na kule Shanga, kisiwa hicho hicho cha Pate alikozaliwa kijana huyu, wachimbuzi walifukua mabaki ya misikiti ambayo ya mwanzo ni ya karne ya 8. Kuta zote hizo zimekubaliwa kuwa za hapa bila kuleta wazee wawili.

Kwa sasa kijana hatoki kisiwani. Akishavuka Mokowe na kupanda basi, kuna vizuizi, na vizuizini abiria hushuka kitambulisho mkononi. Laini ya simu pia hana. Pesa zake zakaa kwenye simu ya shangazi, ambaye simtilii shaka sana. Wazee wetu hata leo husema mtu aendaye Nairobi “anakwenda Kenya”. Zamani mlikasirika kusikia hivyo. Naona siku hizi mmekuja kuwaunga mkono.

Limebaki jambo moja la kiufundi. Mgeni sharti awe na pasipoti, nasi pasipoti hatupewi bila kitambulisho. Kwa hiyo pamoja na ugeni, naomba ututafutie na nchi ya kutokea. Hatuchagui, ila yenye samaki itatufaa zaidi.

Mpwa wangu alitaka kuileta barua hii mwenyewe kwa mkono. Lakini kwenye ofisi za ngazi yako, askari wa langoni hampitishi mtu asiyemwachia kitambulisho. Ndiyo sababu ikawa ya wazi.

Wako mtiifu,
Mjomba wa mwombaji,
Mkomani, Lamu