Sasa Hivi ya Samuye

Huko Uskoti, kwenye visiwa vya Orkney, kuna ndege ya abiria inayoruka kutoka Westray hadi Papa Westray: kilomita 2.7, kwa ratiba dakika 2, na upepo ukiwa mwema haimalizi hata moja. Hapa kwetu, Unguja hadi Pemba ni kilomita kama 125 hewani. Nusu saa hivi.

Mimi niko Samuye, ndani ya Hiace ya Shinyanga mjini. "Tunaondoka sasa hivi, mayu," konda alimwambia bibi mwenye kuku wawili kapuni. Saa nzima imepita. Dereva anakanyaga mafuta, gari linanguruma, linasogea hatua tatu, linarudi palepale. Wenzetu wa Papa Westray wangeshatua. Mara thelathini.

Kuku mmoja ametaga.