Taa za Nyuma za Lori na Tatizo la Shahidi huko Bidbid

Lori limebuniwa kwa kudhani kwamba daima watakuwapo watu wawili, kwa sababu pedali ya breki imewekwa mbele kabisa, chini ya mguu wa dereva, ilhali taa zinazowashwa na pedali hiyo zimepachikwa mwisho wa trela, na hajazaliwa bado mwanadamu ambaye mguu wake uko huku na jicho lake liko kule. Afrika Mashariki ililimaliza jambo hili zamani kwa kumweka utingo, yaani msaidizi wa dereva ambaye, pamoja na kupakia mizigo na kusukumiza jiwe nyuma ya tairi, husimama nyuma akatangaza taa ipi inawaka na ipi imekufa. Dereva wa Oman aliyelelewa kwa Kiswahili, akisafiri peke yake, anarithi kazi ya utingo bila ya kupata mwili wa pili wa kuifanyia.

Mji wa Bidbid unaukuza upweke huo, kwa kuwa ndipo barabara itokayo Maskati inapogawanyika, mkono mmoja ukipita pengo la Sumail, linalotenga Hajar ya Magharibi na Hajar ya Mashariki, kuelekea Nizwa, na mwingine ukishika njia ya Ibra na Sur. Indiketa hapo si pambo.

Njia ya kwanza inayotumika kuzikagua taa bila ya utingo ni bakora, ile fimbo ambayo wazee wa Kiomani huishika harusini kwa heshima zake, ambayo hapa hubanwa baina ya kiti na pedali. Ila malori mengi hutumia breki za upepo, na taa yake ya breki huwashwa na swichi inayosubiri msukumo wa upepo huo, kwa hiyo tangi la upepo likiwa limeishiwa usiku, bakora itakandamiza hata ipinde na taa isiwake. Dereva hubadilisha globu, akabadilisha fyuzi, akailaumu China. Kisha anapowasha injini na tangi likajaa, kila kitu kinang'aa, na huenda hata ile globu aliyoitupa bondeni ingeng'aa.

Njia ya pili, ambayo kwa hakika ni bora zaidi, ni kungoja Maghribi ipite, kwani jua la Bidbid huimeza taa yoyote, kisha kurudisha lori nyuma hadi karibu na ukuta mweupe na kutazama wekundu wa taa ukutani katika vioo vya pembeni. Ukuta hausemi uongo, lakini ukuta una mwenyewe, na mwenyewe akitoka hawezi, kwa mila zake, kumwacha mgeni bila ya tende na kahawa, hata kama mgeni huyo amekuja kinyumenyume na tani ishirini za saruji.

Baada ya kikombe cha tatu mwenyeji huwa shahidi, na hapo ndipo elimu huanza kuharibika. Akiulizwa, "Ami, ya kushoto inawaka?" hujibu, "Kushoto kwako au kwangu, mwanangu?" ingawa anayelitazama lori kwa nyuma ana kushoto kule kule kwa dereva, na dereva naye, aliyetoa kichwa dirishani na kugeukia nyuma, amekwisha kuzipoteza pande zake zote.

Lililo gumu zaidi ni ethi, yaani njia ya kuurudishia umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari. Kutu ikiila, umeme hutafuta njia nyingine ndani ya globu za jirani, na taa zikaanza kuazimana kazi. Ukuta ungeonyesha tu wekundu uliofifia, lakini ami, akiwa na kikombe mkononi, hutoa ripoti kamili: "Mwanangu, ukitaka kusimama lori lako linasema linakwenda Sur, na ukitaka kwenda Sur linasema linasimama."