Nyota Tano za Sahibu
Novemba 2001 Mick Jagger, akiwa na miaka 58, aliwaweka kando wenzake wa bendi ya Rolling Stones akatoa albamu yake binafsi ya nne, Goddess in the Doorway, yaani Mungu wa Kike Mlangoni. Hakwenda mikono mitupu: alikuwa na Bono, Pete Townshend, Lenny Kravitz na Wyclef Jean. Ukishaalika wapishi wote hao na wageni wasifike, pilau utampa nani?

Jarida la Rolling Stone likaipa nyota tano kati ya tano. Mhakiki hakuwa kijana wa chumba cha habari. Alikuwa Jann Wenner, mwenye jarida na, kwa bahati njema kabisa, sahibu wa Jagger wa miaka mingi. Tunajua mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hii ilivutwa mpaka ngozi ikalia.

Keith Richards, mwenzake wa bendi aliyemjua Jagger tangu utotoni, hakuhangaika na nyota. Alibadilisha jina la albamu tu: pale mlangoni akamwondoa mungu wa kike, akaweka kinyesi cha mbwa.

Wanunuzi wa Uingereza nao walipita bila kubisha hodi. Albamu ilikomea nafasi ya 44 kwenye chati.