Shingo ya Besi kwa Upepo wa Diani: Njia Nane, Kuanzia ya Mkiani Hadi Bingwa

Besi inayopigwa Diani haina raha. Mchana imefungiwa ghala la hoteli lenye kiyoyozi. Saa mbili usiku inatolewa kando ya bwawa, upepo wa chumvi ukiipiga usoni. Ijumaa inapanda matatu kwenda arusini Msambweni. Masika yakiingia mwezi wa Aprili, kila ubao uliomo ndani yake unakunywa unyevu. Halafu mpiga solo anageuka na kulalamika kwamba besi inakwaruza! Ndugu yangu, besi haina makosa. Ulizia chuma kilichomo shingoni.

Ndani ya shingo ya gita, chini ya ubao wa vidole, hulazwa ufito wa chuma ambao kazi yake ni kushindana na nyuzi. Besi ya kawaida ina uzi wenye urefu wa milimita 864 kutoka kizingiti cha kichwani hadi darajani, na nyuzi zake nne kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 75 au zaidi. Huo ni mfuko mmoja na nusu wa saruji, umening'inia shingoni usiku na mchana. Nyuzi sita za gita la solo huvuta kilo 45 hadi 50. Sasa tuseme ukweli: nani anaibeba bendi?

Wachongaji wa Ukunda na waunda mashua wa pwani hii ya kusini wanaujua mti kuliko mashine yoyote ya kiwandani. Mikono ya kuunda besi ipo. Jambo la kuamua kabla patasi haijagusa ubao ni chuma gani kitalala ndani, maana hicho ndicho kitakachoamua kama besi itadumu kaskazi, masika na kusi. Basi tunahesabu kushuka, kutoka nane hadi moja. Na kwa kuwa huku ni Pwani, hakuna atakayeondoka bila kijembe chake.

8. Bila chuma kabisa

Gambusi haina chuma, udi hauna, na vyote viwili vimeiburudisha Pwani vizazi na vizazi. Lakini shingo zake ni fupi, na nyuzi za utumbo au nailoni huvuta kwa upole. Ukivika shingo ya mti mtupu nyuzi za chuma za besi, itaanza kuinama mbele polepole, mpaka nyuzi zikae juu mno ya freti na mpigaji amalize wimbo vidole vikiwaka moto. Unaweza kuinenepesha shingo ili istahimili, lakini kiganja cha binadamu nacho kina kipimo chake.

*Kijembe:* Gambusi ilikwenda bila mfupa kwa sababu haikubebeshwa mzigo. Wewe umebebeshwa.

7. Nondo ya ujenzi

Tunajua inakotoka fikra hii. Diani inajengwa kila siku, na vipande vya nondo havikosekani. Nondo ni ngumu, ni rahisi kupata, na fundi wa kuchomelea yuko hapo barabarani. Tatizo la kwanza ni uzito: shingo ya besi ni ndefu, na ukiitia nondo nene, kichwa kinashuka chini kila mpigaji anapoachia mkono, bega linauma kabla ya wimbo wa tatu. La pili, mbavu za nondo hazikai sawasawa katika mfereji wa mti, kwa hiyo kunabaki mianya, na mwanya ndani ya shingo hutoa mlio. La tatu ndilo kubwa: ukishaifunika kwa ubao wa vidole, huna tena la kuiambia.

*Kijembe:* Nondo, rudi kwenye nguzo. Huku tunajenga wimbo.

6. Skwea tyubu iliyogandishwa

Hii ina heshima zake. Kampuni ya Martin ya Marekani, yenye jina kubwa katika magita ya mbao, ilitumia chuma chenye umbo la T kuanzia 1934, kisha paipu ya mraba kuanzia 1967, na vyote viwili havikurekebishika. Ilipofika 1985 ndipo ikaanza kuweka chuma cha kukaza na kulegeza. Ikiwa wao walibadili mawazo, sisi tunaokaa hatua chache kutoka baharini tunangoja nini?

Shingo nzuri haiwi nyoofu kabisa. Inahitaji kibonde kidogo sana, kama milimita 0.3 karibu na freti ya 7 au ya 8, ili uzi unapotetema usigonge freti. Kukipima ni rahisi: bana uzi kwenye freti ya 1 na freti ya mwisho, kisha tazama nafasi iliyobaki katikati. Kibonde hicho hubadilika mti unapovimba na kusinyaa, tena hubadilika ukiweka nyuzi nzito au nyepesi. Tyubu iliyogandishwa haiwezi kukufuata.

*Kijembe:* Ugumu tunausifu. Ukaidi, hapana.

5. Shingo ya kaboni tupu

Katika miaka ya 1970, Geoff Gould wa kampuni ya Modulus Graphite, California, alianza kuunda shingo za besi kwa nyuzi za kaboni. Ned Steinberger naye akaja na besi isiyo na kichwa, mwili na shingo vyote vya kaboni, bila chuma cha kurekebisha. Kaboni hainywi maji na haijali masika, kwa hiyo kwa hali ya hewa ya Diani ingestahili kuvikwa taji.

Ila shingo nzima ya kaboni hutaka kalibu, joto na shinikizo linalodhibitiwa, na vumbi lake si la kuvuta puani. Karakana ya kawaida ya Ukunda itatumia fedha nyingi kabla haijatoa shingo moja inayofaa. Zaidi ya hayo, sisi tuna mti. Mchongaji anayeacha mbambakofi mlangoni kwake akakimbilia kalibu ya plastiki amejinyima raha ya kazi yake.

*Kijembe:* Hongera kwa kutoyumba. Sasa tuambie, nyuzi zikibadilishwa utakubali kusogea hata kidogo?

4. Ufito mmoja uliopinda

Simameni, mzee anapita. Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson alipewa hataza ya chuma cha kurekebisha shingo mwaka 1923, na dunia ya magita haikurudi nyuma tena. Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951 alitumia chuma cha aina hiyo, na besi ya umeme ikasambaa hadi kwenye bendi zetu. Bila chombo hicho, Tom Malanga wa Les Wanyika angetupatia wapi ile besi ya "Sina Makosa" inayowainua hadi wazee vitini?

Ufito wa unene wa milimita 5 hivi hulazwa katika mfereji uliochimbwa kwa mpindo, katikati chini zaidi kuliko ncha. Upande mmoja umefungwa, upande wa pili una nati. Ukikaza nati, ufito unataka kunyooka, na kwa kunyooka kwake unairudisha shingo nyuma dhidi ya nyuzi. Ni mwepesi, ni wa bei nafuu, na fundi yeyote wa jua kali mwenye tapu na dai anaweza kuutengeneza.

Udhaifu wake ni kwamba unafanya kazi upande mmoja tu. Masika yakivimbisha ubao wa vidole na shingo ikainamia nyuma, utalegeza nati mpaka izunguke bure, na shingo itabaki vilevile. Kuchimba mfereji wa mpindo nako kunataka kalibu ya ruta iliyopimwa vizuri.

*Kijembe:* Mzee, shikamoo. Kuvuta unakujua kuliko wote, ila kusukuma hukufundishwa.

3. Vyuma viwili sambamba

Kampuni ya Rickenbacker ndiyo iliyolitangaza jina la mtindo huu: vyuma viwili ndani ya shingo moja, kila kimoja na nati yake. Kwa besi ya nyuzi tano au sita, yenye shingo pana, ni wazo la busara. Upande wa nyuzi nene na upande wa nyuzi nyembamba haziinami sawa, na kwa vyuma viwili unaweza kuutuliza kila upande kwa kadiri yake.

Lakini mifereji miwili huondoa mti mwingi, na nati mbili zinataka mpigaji mwenye subira. Akikaza moja akasahau nyingine, shingo inajikunja upande, na shingo iliyojikunja ni kazi ngumu kuliko iliyoinama. Kwa besi ya nyuzi nne, hapa umejitafutia shughuli isiyo ya lazima.

*Kijembe:* Ukimpa huyu robo mzunguko, mpe na mwenzake. Upendeleo umepinda shingo nyingi.

2. Chuma cha pande mbili

Sasa tumefika penyewe. Hiki ni chuma pacha: ufito wenye skrubu umeunganishwa na bapa au ufito mwenzake kwenye ncha zote mbili. Kaza kulia, kinapinda na kuirudisha shingo nyuma. Zungusha kushoto kupita pale kinapolegea, kinaisukuma shingo mbele. Kiyoyozi cha ghalani kikaushe, upepo wa bwawani ulowanishe, wewe una jibu kwa vyote viwili.

Mfereji wake ni mnyoofu wenye kina kimoja, kwa kawaida upana wa milimita 6 na kina cha 9 hadi 11, kutegemea chuma chenyewe. Kwa hiyo nunua chuma kwanza, kipime, ndipo uchimbe. Besi ya milimita 864 hutumia chuma cha sentimita 60 hivi. Usikubali cha gita la solo kwa sababu tu ndicho kilichopo dukani.

Kabla ya kulipa, kishike mkononi ukizungushe kwa alenki pande zote mbili. Lazima ukione kikipinda huku na kule. Tazama maungio yaliyochomelewa kama yana ufa. Uliza upande upi ulale juu, kwa maana ukikilaza kinyume, kukaza kutaivuta shingo mbele badala ya nyuma. Wakati wa kugandisha ubao wa vidole, funika mfereji kwa utepe ili gundi isipenye kwenye skrubu. Tone dogo la silikoni katika sehemu mbili tatu litazuia chuma kutoa mlio.

Nati iwe wapi? Kisiginoni, kwenye besi nyingi za zamani, unalazimika kufungua shingo nzima ili uifikie, na hakuna bendi ya hoteli yenye muda huo. Kichwani unaifikia upesi, ingawa tundu lake hupunguza mti pale shingo ilipo nyembamba. Kigurudumu cha kisiginoni, cha mtindo wa Music Man, kinafikika bila kufungua kitu na kinakiacha kichwa kikiwa kizima. Popote iwapo, ipake grisi: chumvi ya bahari haiombi ruhusa.

*Kijembe:* Anayejua kusukuma na kuvuta ndiye wa kuishi naye Pwani.

1. Chuma cha pande mbili na mbavu mbili za kaboni

Bingwa ndiye huyu. Chuma cha pande mbili katikati, na kila ubavu kipande chembamba cha kaboni kilichogandishwa kwa epoksi. Kaboni inaubeba mzigo mkubwa wa kila siku, chuma kinabaki na marekebisho madogo tu. Shingo haisogeisogei, na mbavu hizo husaidia pia kupunguza zile noti zinazokufa mapema, hasa kwenye uzi wa G karibu na freti ya 5 hadi ya 7. Vaa barakoa unapokata kaboni.

Ukitaka anasa, Ibanez huweka vipande vya titaniamu katika shingo za baadhi ya besi zake. Tena titaniamu si mgeni Kwale! Mchanga wa Msambweni ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium na kusafirishwa kupitia Likoni kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani huishia kuwa rangi nyeupe. Kipande kimoja kikirudi Kwale ndani ya shingo ya besi, kitakuwa kimepata kazi nzuri zaidi.

Ila hata bingwa hatibu mti mbichi. Mbambakofi uliokauka vizuri hutulia kuliko miti mingi, na mpingo ni ubao wa vidole usio na mpinzani, mradi uwe na karatasi halali. Misitu ya kaya, ukiwemo Kaya Kinondo uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, haiguswi. Besi tamu haitokani na mti wa wizi.

*Kijembe:* Wengine wana shingo. Huyu ana shingo na msimamo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Besi nyingi zinazopigwa Diani ziliundwa mbali, na fundi ambaye hajawahi kuishi na masika. Fundi wa hapa anaweza kuunda inayoyajua. Akimaliza, aifunge alenki kwenye mkanda wa begi na amfundishe mpigaji: legeza nyuzi kidogo, kaza robo mzunguko, subiri hadi kesho, kisha upime tena. Mpaka mpigaji ajue hilo, kazi ya fundi haijakamilika.