Nauli ya Kusukuma

Agosti 1907, Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliwasha gari lake la Gaggenau pale Dar es Salaam, akiaga kwamba anavuka Afrika. Swakopmund, kwenye pwani ya magharibi, alifika Mei 1909. Miezi 21! Penye tope na mito, Waafrika walilivuta gari kwa kamba, naye bwana mkubwa ndiye aliyeingia vitabuni kuwa wa kwanza kuvuka bara hili kwa gari.

Huku kwetu Liparamba, masika yakikolea, kijana wa bodaboda hukwambia, "Shuka kidogo, mzee, tusukume." Unasukuma, suruali imejaa tope hadi magotini, na mkifika anadai nauli kamili, bila kupepesa jicho. Wale wa Graetz angalau hawakutozwa nauli.